Karibuni Tule Jioni

Maramba iko chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, katika Wilaya ya Mkinga, Mkoa wa Tanga. Watu wa hapa ni wakarimu. Ukipita mbele ya nyumba ya mtu wakati wa chakula, utaambiwa, "Karibu." Nawe utajibu, "Ahsante, starehe," kisha utapita zako. Aliyekaribisha ametimiza adabu. Aliyepita naye ametimiza adabu. Lakini hakuna aliyekula na mwenzake.

Siku moja niliuliza darasani: Nani kati yetu amealika jirani kula chakula cha jioni mwaka huu? Sisemi arusi. Sisemi hitima, maulidi, Idi wala Krismasi. Nasema jioni ya kawaida tu. Tulikuwa watu 22. Walionyoosha mkono walikuwa 2. Mama mmoja akasema, "Mwalimu, nikiwaita watu bila nyama, watanisema mpaka Horohoro."

Watu walicheka, lakini mama yule hakuwa anafanya mzaha. Nyumbani kwake ana mihogo. Ana minazi. Ana mchicha nyuma ya nyumba. Hakukosa chakula. Alikosa nyama ya kuwaonyesha watu.

Namjua pia jirani mmoja aliyekopa fedha ili apike pilau na kununua soda kwa wageni wa jioni moja. Wageni walikula, wakashukuru, wakaenda. Deni lilibaki mpaka mavuno ya mahindi. Tangu hapo mlango wake hufungwa saa ya kula. Simlaumu hata kidogo.

Wazee wa hapa husimulia habari za kampeni za elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ilikuwa Mtu ni Afya. Mwaka 1975 ilikuwa Chakula ni Uhai. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana habari za lishe. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Lakini nimeona kwamba mzee akisimulia habari hizo, somo lenyewe hulieleza kwa ufupi. Anachokieleza kwa urefu ni nani alikaa karibu na nani, na nani alichekesha watu.

Basi mimi na mke wangu tulialika majirani 6. Tulichagua Jumamosi ya mwezi mpevu. Mbalamwezi ni jambo kubwa kijijini. Mgeni anayeiona njia haondoki mapema kwa kuogopa nyoka, wala mwenye nyumba hahangaiki kutafuta tochi ya kumsindikizia. Sikuwaambia, "Karibuni karamuni." Niliwaambia, "Njooni tule bada Jumamosi, baada ya Magharibi." Neno bada lilifanya kazi kubwa. Aliyeitwa kula bada hatazamii pilau. Wala halali akiwaza atabeba zawadi gani.

Lakini kulikuwa na jambo gumu. Kati ya wale 6 walikuwamo wanaume wawili wasiosalimiana. Mmoja ni mzee anayesuka makuti. Mbuzi wake waliingia katika shamba la muhogo la mwenzake, wakala hata wakamaliza majani ya mistari mitatu. Walifikishana kwa mjumbe, wakatoleana maneno mazito. Masika ilipita, vuli ikapita, masika nyingine ikaja. Nyumba zao zinatazamana, na kila asubuhi kila mmoja alifagia uwanja wake akiangalia chini.

Mke wangu akaniuliza, "Unawaita wote wawili?"

Nikamjibu, "Wote ni majirani zetu."

Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi sinia liwe kubwa."

Nilikwenda kwa kila mmoja, nikamwambia wazi kwamba mwenzake naye ameitwa. Kumtega mtu mzima kwa chakula si uungwana. Mzee alisema ataona. Yule mwingine hakusema kitu.

Sasa nieleze chakula. Kati ya wageni wetu walikuwamo Waislamu na Wakristo. Nyama huleta swali: nani kachinja? Swali hilo ni la haki, na mwenye nyumba anapaswa kuwa na jibu. Samaki haulizwi swali hilo. Kwa hiyo tulinunua ng'onda kwa wachuuzi wanaotoka pwani. Tukachuma kisamvu chetu. Tukaweka tayari kilo 2 za unga wa muhogo, nazi 3, nyanya, vitunguu na ndimu. Machungwa yalitoka shambani. Fedha iliyotoka mfukoni ilikuwa ya ng'onda na vitunguu tu.

Siri ya kualika watu bila kuchoka ni kupika mapema. Kisamvu tulikitwanga asubuhi, tukakichemsha mchana. Kisamvu kinataka moto wa muda mrefu, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu, na kutwanga na kuchemsha vizuri ndiko kunakoiondoa. Ng'onda tuliwaroweka ili chumvi ipungue. Maji ya kunywa yalichemshwa, yakapoa, yakafunikwa. Jioni ilipofika palibaki kazi mbili tu: kutia tui zito na kusonga bada. Kazi hizo hazifanywi mapema. Tui zito likikaa huchacha, na bada ikipoa haina raha.

Nazi moja niliiacha makusudi mpaka wageni wafike. Mgeni akikuta kila kitu kimekwisha, hukaa wima kama yuko ofisini anasubiri barua. Akikuta kazi ndogo, hushika kazi, na maneno huja yenyewe. Kijana mmoja wa bodaboda alichukua ndimu akakata. Mama muuza vitumbua alimpokea mke wangu mwiko.

Mimi nilikaa juu ya mbuzi, nakuna nazi. Mzee wa makuti alikuwa amefika, amekaa upande wa kulia wa jamvi. Ndipo akaingia yule jirani wa pili. Alitoa salamu kwa wote, akakaa upande wa kushoto. Kimya. Unasikia kifuu tu. Mke wangu alichungulia kutoka jikoni, nikaona uso wake una wasiwasi. Kusema kweli, hata mimi tumbo lilinicheza.

Yule jirani akanitazama, akasema, "Mwalimu, mbuzi wako huyo ni mpole. Haingii shamba la mtu."

Hakuna aliyepumua. Mzee akainua kichwa polepole. Akasema, "Huyo hana haja ya muhogo. Anakula nazi tu."

Kijana wa bodaboda alikuwa wa kwanza kucheka. Kisha akacheka yule jirani mwenyewe, akipangusa macho.

Tulinawa. Kijana alishika birika, akamimina, kila mtu akanawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Ndugu msomaji, usiwanawishe watu wote katika maji ya beseni moja. Mwaka 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi ya nchi yetu. Ugonjwa ule huingia kwa njia ya mdomo, na mikono michafu inaweza kuubeba.

Tuliandaa masinia mawili juu ya jamvi moja, la wanaume na la wanawake, karibu kiasi cha kusikilizana. Mke wangu alikaa pamoja na wageni tangu tonge la kwanza. Mama mwenye nyumba kula mwisho, peke yake, jikoni, akikwangua sufuria, ni desturi nisiyoipenda, nami nasema hivyo popote. Aliyepika ana habari za kusimulia kama watu wengine. Usiku ule ndiye aliyesimulia zaidi.

Sinia la wanaume lilikuwa na kipande kimoja kikubwa cha ng'onda, kimebaki katikati. Kila mmoja alikizunguka kwa adabu. Mzee akakimega, akasogeza nusu mbele ya yule jirani. Hakusema neno. Yule jirani naye hakusema neno. Alikula.

Hawakuombana radhi usiku ule. Nisiwadanganye. Wakati wa kumenya machungwa, yule jirani alisema kwamba kabla ya vuli anataka zizi la mbuzi liwe na uzio wa kweli. Mzee akajibu kwamba miti anayo, ila mikono yake imechoka. Palikuwa kimya kidogo. Kijana wa bodaboda akasema yeye ana Jumatano asubuhi. Wakaendelea kumenya machungwa, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya nazi. Saa nne usiku waliondoka kwa mbalamwezi, mzee na jirani yake njia moja, kwa kuwa njia ya kwenda kwao ni moja.

Jumatano nilipokuwa nakwenda kazini, niliwakuta watatu. Mzee ameketi juu ya gogo, anaelekeza kwa fimbo. Kijana anakata miti. Yule jirani anachimba mashimo, shati kalitundika kwenye mnazi.

Uzio ulimalizika kabla ya mvua. Lakini yuko beberu mmoja mweupe ambaye bado anajua kuruka. Akiruka, yule jirani humkamata kamba, humvuta mpaka uwanjani kwa mzee, na kupaza sauti, "Shikamoo, Mzee! Mwanao huyu hapa."

"Marahaba," mzee hujibu kutoka ndani. "Mfunge hapo, uingie unywe chai."