Maalim na Mabaki ya Vifurushi

Tangu tumzike Maalim, aliyenifundisha kazi ya sava, kwenye makaburi ya Mwanakwerekwe, nimewasikia vijana wakisema kazi ya sava haihitaji tena fundi. Kauli hiyo inaniuma, na ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Nimezaliwa Kiponda, nikasoma skuli za mjini, nikaajiriwa Vuga nikiwa karani. Sava nilikabidhiwa baadaye.

Umeme wa kutoka bara ulipokatika Unguja, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, sava zetu ziliwaka na kuzima kwa kufuata jenereta. Hapo ndipo Maalim aliponifundisha kutazama huduma zinavyoamka: barua pepe inaingoja hifadhidata, hifadhidata inaingoja diski.

Ugomvi ulikuja 2011, tulipoutoa mfumo wa sava zetu Debian 5 kwenda Debian 6. Toleo la zamani liliwasha huduma kwa namba za mpangilio. Jipya lilitaka kila skripti ndani ya /etc/init.d itaje, kwenye mstari wa Required-Start, huduma inazozitegemea. Mtambo ukagoma kuhamia mpangilio mpya: kifurushi tulichokwisha kukiondoa kilikuwa kimeacha skripti yake. Debian ndivyo ilivyo. Ukiondoa kifurushi, programu huenda, mafaili ya usanidi hubaki, na skripti ya kuwashia huduma huhesabiwa miongoni mwake.

Mkubwa mmoja wa ofisi akaamuru faili lifutwe kwa rm, kazi iendelee. Maalim akamjibu, “Sheikh, dpkg haisahau.” Na kweli dpkg, programu ya Debian inayosimamia vifurushi, haisahau: faili la usanidi ukilifuta kwa mkono, dpkg huona umeamua mwenyewe, na siku ukikirudisha kifurushi kile, skripti hairudi nacho. Viungo vyake ndani ya rc2.d navyo hubaki vikielekea patupu. Dawa ni dpkg --purge, inayoondoa mabaki na kumbukumbu yake pamoja.

Lakini Maalim hakuigusa purge kabla ya kufungua /var/lib/dpkg/info na kusoma postrm ya kifurushi kile, yaani skripti inayoendeshwa kifurushi kikiondolewa, mstari kwa mstari, kidole kikitambaa juu ya kioo. Postrm ya hifadhidata inaweza kufuta data zenyewe. Alinakili kwanza, akasoma, ndipo akabonyeza. Mkubwa yule alisema tunapoteza muda. Mpaka leo wapo wanaomuunga mkono, nami nasema wamekosea.

Wanangu, msiniambie systemd, mfumo mpya wa kuwasha huduma, imeyamaliza haya. Debian imeifanya chaguo lake la kawaida tangu toleo la 8, 2015, na mabaki yangali mabaki. Huduma yenye Requires haitawaka ikiwa ile huduma inayoitegemea haipo tena; yenye Wants itawaka. Nani kati yenu amefungua faili akaangalia ipi imeandikwa? Kabla ya kupandisha toleo, pigeni dpkg -l, mtafute mistari inayoanza na rc. Kila mstari huo ni kifurushi kilichoondoka kikaacha mafaili yake. Someni postrm za vifurushi hivyo vyote, kisha ndipo muiite purge.