Usiniambie tu "Kazi Nzuri"

Leo naweka kando kidogo habari za programu, nizungumzie jambo lililonikera moyoni. Lakini msiondoke, maana programu zitarudi humu humu.

Niko katika kundi la waandishi wa hadithi za Kiswahili. Tuko kumi na wawili: wengine Mombasa, wengine Eldoret, wengine hapa Nairobi. Hatuonani ana kwa ana, twatumiana kazi kwa barua pepe. Ukituma hadithi, wenzako waisome na kutoa maoni. Na maoni yenyewe yalikuwa hivi: "Kazi nzuri!" "Kongole!" "Wino wako usikauke!" Basi. Kila mtu alifurahi na hakuna aliyepiga hatua. Wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Kati yetu yuko mzee mmoja, mwalimu mstaafu, sote twamwita Mwalimu. Alitutumia hadithi ndefu aliyoiandika kwa miaka mitatu. Nikaanza kuisoma usiku baada ya kazi. Kurasa 13 za mwanzo zilieleza ukoo wa mhusika mkuu, babu baada ya babu. Kwenye ukurasa wa 9 nikasinzia. Nikaruka hadi ukurasa wa 14, mashua ikapinduka, na tangu hapo sikuiacha mpaka mwisho. Nikamwandikia nini? "Kazi nzuri sana Mwalimu, hongera." Mimi ni nani hata nimkosoe mtu aliyefundisha Kiswahili kabla sijazaliwa?

Mwalimu akaipeleka kwa mchapishaji. Baada ya miezi minne ikarudi na maneno machache: hadithi inaanza ukurasa wa 14. Akanipigia simu.

"Kijana wangu, wewe uliisoma. Hili uliliona?"

"Niliona, Mwalimu."

Akanyamaza kidogo. "Sasa mbona ukaniacha niende sokoni uchi?"

Sikuwa na jibu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba wiki ile ile niliyomsifu Mwalimu, kazini nilimrudishia mwenzangu programu yake ikiwa na maoni 23. Akasema asante, akaketi kurekebisha. Kwa nini niliweza kule na huku nikashindwa?

Sisi waandishi wa programu tumezoea kusomana. Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991, imekua kwa watu kutumiana marekebisho kwa barua pepe na kuyachambua hadharani. Eric Raymond alieleza mwaka 1997 kwamba wasomaji wa programu wakiwa wengi, kasoro inayomshinda mmoja huwa nyepesi kwa mwingine. Lakini Mwalimu alikuwa na wasomaji kumi na mmoja! Macho yalikuwepo, midomo ndiyo iliyofungwa. Wala sisemi tutukanane. Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, aliomba radhi mwaka 2018 kwa ukali wa barua zake, akapumzika kwa muda. Ukali si uhakiki.

Basi tukaketi, yaani kwa barua pepe, tukakubaliana mambo matatu:

1. Nipe nikupe. Hutumi hadithi yako kabla hujahakiki mbili za wenzako. Hili si letu. Critters, kundi la waandishi wa hadithi za kubuni za sayansi lililoanza kwenye intaneti mwaka 1995, humtaka mwanachama ahakiki wenzake mara kwa mara ndipo kazi yake nayo isomwe. Kila mtu akihakikiwa, hakuna anayejiona ameonewa.

2. Sema ulipokwama. Mtu akiripoti hitilafu hasemi "programu yako mbaya". Husema: nilibonyeza hapa, ikazima. Vivyo hivyo sema: ukurasa wa 9 nilisinzia. Hayo hayahitaji shahada wala mvi, na hayamvunjii mtu heshima. Ni habari zako wewe msomaji, naye mwandishi hawezi kuzipata kwingine, kwa kuwa nyani haoni kundule. Na penye uzuri taja pale pale: mashua ilipopinduka niliacha chai ikapoa.

3. Mwandishi anyamaze. Katika warsha ya Clarion, iliyoanza Marekani mwaka 1968, kila mmoja husema kwa zamu na mwenye hadithi hungoja hadi wote wamalize. Nasi twafanya hivyo. Ukianza kujitetea kwa wa kwanza, wa pili ataogopa.

Ilikuwa rahisi? Hata kidogo. Mwezi wa kwanza wenzetu wawili walijitoa. Zamu yangu ilipofika, Mwalimu aliniandikia: "Aya ya tatu nimeisoma mara mbili, bado sijui anayesema ni nani. Na ukurasa wa 6 umemuua mama huyu kwa sababu hukujua umfanyie nini." Nilifunga tarakilishi, nikaenda kunywa chai kwa hasira. Niliporudi nikakuta kweli, sikujua nimfanyie nini. Mama yule sasa yu hai na hadithi imepona.

Mwalimu naye amekata kurasa 11 kati ya zile 13. Mbili amekataa katakata, na ni haki yake, hadithi ni yake. Ameituma tena wiki jana. Jibu bado.

Haya, kazi kwenu. Kama kuna kazi ya rafiki uliyoijibu "kongole" ilhali ulikwama njiani, mwandikie tena leo, umwambie ni wapi. Nami msinihurumie: mkisinzia katika makala haya, niambieni ilikuwa aya gani.