Kicheko cha Kwa Maji

Je, tamthilia ya nyimbo na mzaha yaweza kubeba dhamira nzito ya ardhi? Mo Faya ya Eric Wainaina, iliyofikishwa katika tamasha la tamthilia za muziki la New York mwaka 2009, yajibu kwamba yaweza. Mtaa wake, Kwa Maji, ni wa kubuni. Hata hivyo mkazi wa Kibera au Kawangware hahitaji ramani ili autambue. Humo Lwanda, mtangazaji wa redio ya mtaa, anaukabili uchu wa Anna Mali, ambaye jina lake latosha kuwa wasifu.

Lwanda amechotwa katika ngano ya Luanda Magere, shujaa wa Waluo mwenye mwili wa jiwe, aliyeuawa kwa kuchomwa kivuli chake baada ya mkewe kuifichua siri. Hapa ndipo fani inapokomaa: jiwe limegeuka sauti hewani, nayo sauti haina kivuli.

Atakayelalama kwamba kucheka mbele ya mabanda ni kuwadharau wenyeji ana hoja dhaifu. Wanubi wa Kibera, waliowekwa pale na serikali ya kikoloni, walingoja hatimiliki ya ekari 288 hadi mwaka 2017. Kicheko cha uchungu wanakijua kuliko mhakiki yeyote.

Kasoro iko kwingine. Wimbo huumaliza ugomvi upesi mno. Pazia likifungwa, mpangaji anarudi Kawangware, na kodi ya chumba bado anadaiwa.