Nilificha maziwa ya shangazi

Wasee wa CSS, hii stori inanihusu mwenyewe, msicheke sana.

Shangazi yangu anauza mayai, maziwa na mbegu za viazi hapa Plateau. Nikamtengenezea ukurasa, kila bidhaa na aya yake, zote tatu ndani ya div moja. Mbegu zikaisha. Badala ya kufuta ile aya, nikaandika p:nth-child(3) na display: none. Viazi vikapotea, nikajiona fundi.

Wiki iliyofuata akaniambia, "Weka kichwa pale juu, watu wajue ni bei za leo." Nikaweka h2 juu ya zile aya, nikalala. Asubuhi simu: "Mama, maziwa yangu umepeleka wapi?" Naangalia, kweli: maziwa hayapo na viazi vimerudi. Mbaya zaidi, kuna mzee alikuwa ametoka Kipkabus na magunia mawili matupu, akitafuta mbegu ambazo hazipo. Shangazi akampa chai. Nauli nililipa mimi.

Kosa ni kwamba nilisoma p:nth-child(3) kama "aya ya tatu". Kumbe inasema: hesabu watoto wote wa mzazi, nenda kwa wa tatu, na kama ni p, mchukue. Nyumbani kwetu mimi ni mtoto wa tatu lakini msichana wa pili. Mgeni akiita "mtoto wa pili, kama ni mvulana", hakuna atakayetoka, maana wa pili ni dada yangu. Sasa ile h2 ilikuwa kama kifungua mimba aliyeletwa ghafla: kila mtu akashuka nafasi moja, maziwa yakawa mtoto wa tatu.

p:nth-of-type(3) ndiyo huhesabu p peke yake, h2 haiisumbui. Lakini hata hiyo, shangazi akiongeza aya ya asali pale juu, maziwa yanapotea tena!

Siku hizi namba naziachia mapambo tu, kama kupaka rangi safu za jedwali kwa tr:nth-child(even). Kitu cha kuuza nakipa jina: class="imeisha", basi, kihamishwe popote. Najua kuna watakaosema klasi zinajaza HTML. Zijaze.

Shangazi naye hataki tena kuningoja. Ameomba nimwonyeshe mahali pa kuandika hilo neno "imeisha". Tunaanza Jumamosi, akishakama.