Mlima Unaotembea

Wablackfoot na Waktunaxa waliuita mlima unaotembea, na hawakupiga kambi chini yake. Mwaka 1901 ukafunguliwa mgodi wa makaa ya mawe kwenye miguu ya mlima huohuo, Turtle Mountain, magharibi mwa Kanada, na mji wa Frank ukaota hapo chini.

Kazi yangu ni kuuliza maswali baada ya maafa, na swali la kwanza huwa: nani alijua? Frank walijua wachimbaji. Magogo ya kushikilia dari yalipasuka kwa uzito, na usiku makaa yalidondoka yenyewe bila kuguswa. Jamani, makaa kujichimba! Kwa mwenye mgodi hiyo ni neema, gharama inapungua. Ndiyo maana sishangai kwamba kazi haikusimama.

Aprili 29, 1903, saa kumi na dakika kumi alfajiri, upande wa mashariki wa mlima uliachia. Tani milioni 110 hivi za mawe ya chokaa, sekunde kama 90, watu kati ya 70 na 90 wamekufa. Wachimbaji 17 waliofungiwa ndani walichimba kuelekea juu kwenye mkanda wa makaa mpaka wakatoka, wakakuta sehemu ya mji imefunikwa.

Wanajiolojia wa serikali walisema chanzo kikuu ni umbo la mlima wenyewe: matabaka yaliyopinda, maji kwenye nyufa, baridi. Mgodi ulichangia tu. Nakubali sayansi yao, ila hiyo "tu" inanikera. Mlima uliosimama kwa shida hauhitaji kusukumwa sana. Na mgodi? Ulifunguliwa tena baada ya wiki chache.

Nilipanda nikaone. Njia ni kali, magoti yanalia, na mawe yanateleza chini ya buti. Huko juu kuna nyufa ambazo mtu anaweza kuingia, na kilele cha kusini ndicho kinachotiliwa shaka sasa. Wataalamu wa Alberta wameweka vifaa vya kupima mwendo wake, unaohesabiwa kwa milimita. Chini, barabara kuu inapita katikati ya mawe ya 1903, makubwa kama nyumba, na malori hayapunguzi mwendo. Nilihesabu kumi na moja nikiwa nakunywa maji.