Kikosi Ambacho Hakikuwapo

Wako watu ambao wakisikia muziki fulani huinua macho kutazama mbinguni. Mimi ni mmoja wao. Muziki huo ulitungwa na Ron Goodwin kwa ajili ya filamu ya vita iitwayo 633 Squadron, iliyotoka mwaka 1964. Walioitazama wangali vijana, ambao leo ni watu wazima na wazee, aghalabu hukumbuka mambo mawili: muziki ule, na ndege za Mosquito zikipenya katikati ya majabali, chini kabisa, karibu kugusa maji. Mimi hukumbuka na jambo la tatu, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Niliitazama filamu hiyo mjini Tanga mwaka 1983, nikiwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Babu mzaa baba alikuwa amekuja kutoka shamba kutibiwa mguu. Kaka yangu mkubwa alitukatia tiketi, tukaketi watatu kwenye viti vya mbele, kaka akitufasiria Kiingereza kwa sauti ya chini.

Hadithi yenyewe ni hii. Katika Vita Kuu ya Pili, Wajerumani wamejenga kiwanda cha mafuta ya makombora huko Norwe, mwisho wa mkono wa bahari uliobanwa na milima. Juu ya kiwanda limening'inia jabali kubwa. Kikosi cha Waingereza chapewa amri ya kulipiga jabali hilo mpaka liporomoke. Wazalendo wa Norwe, ambao ndio waliotakiwa kuinyamazisha mizinga iliyolinda njia, wanauawa kabla ya kuitimiza kazi yao. Hata hivyo ndege zinakwenda. Jabali linaanguka, kiwanda kinafukiwa, lakini hakuna ndege inayorudi. Mwishoni mkuu wao anasema kwamba kikosi hakiwezi kuuawa.

Ukumbi mzima ulilipuka kwa makofi. Mimi nilisimama juu ya kiti. Babu hakupiga makofi. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani nikamwuliza:

"Babu, mbona hukushangilia? Si wameshinda?"

Akatembea hatua kadhaa akiegemea mkongojo wake, kisha akasema: "Yule mkubwa amesema kweli, mjukuu wangu. Kikosi hakifi, hutiwa watu wengine. Wafao ni watu."

Halafu akaongeza: "Sisi kule Burma ndege tulizozipenda ni zile zilizotudondoshea chakula."

Hapo ndipo nilipopaswa kumwuliza neno. Babu alikuwa askari wa Keya, mmoja wa maelfu waliotoka nchi zetu wakapigana katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 divisheni hiyo ililipita bonde la Kabaw katika mvua za masika ya huko, katika matope na malaria, ikilishwa kwa mizigo iliyoangushwa na ndege, mpaka ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Hayo nimeyasoma vitabuni nilipokuwa mtu mzima. Usiku ule sikuuliza kitu, kwa kuwa akili yangu ilikuwa imejaa ndege nyingine.

Kwa majuma mengi watoto wa mtaa wetu tulikuwa marubani. Tulichonga ndege zetu kwa mlingoti wa mkonge uliokauka, ambao ni mwepesi sana na hukatika kwa kisu butu. Hatukujua kwamba tulikuwa karibu na ukweli: Mosquito zenyewe zilikuwa ndege za mbao, zilizoundwa kwa mbao nyepesi na nyembamba zilizogundishwa pamoja, na mafundi wa samani walikuwa miongoni mwa waliozitengeneza. Shuleni niliandika insha juu ya filamu ile. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, nami nikaona fahari.

Babu alifariki mwaka 1986. Katika kopo la bati tulikuta nishani moja na kitufe cha shaba. Wazee waliokuja matangani waliuliza alipigana wapi na wapi, na wenzake walikuwa nani. Hapakuwa na aliyeweza kuwajibu. Mimi, mwandishi wa insha, niliweza kumtaja Roy Grant, rubani wa kubuni. Sikuweza kumtaja hata rafiki mmoja wa Babu aliyezikwa Burma.

Miaka mingi baadaye nilikipata kitabu chenyewe kwa mwuza vitabu vikuukuu jijini Dar es Salaam. Kumbe filamu ile ilitokana na riwaya ya Frederick E. Smith, iliyochapishwa mwaka 1956. Mwandishi huyo alikuwa amehudumu katika Jeshi la Anga la Uingereza wakati wa vita. Nikajifunza pia kwamba katika vita ile hapakuwa na kikosi cha ndege chenye namba 633, na kwamba ile milima tuliyodhani ni ya Norwe ilikuwa ya Uskoti.

Kweli nyingine zilikuwa chungu zaidi. Mwezi Machi 1945 ndege za Mosquito zilishambulia makao ya polisi wa siri wa Kijerumani mjini Copenhagen. Ndege moja ilianguka karibu na shule. Nyingine zikaudhania moto ule kuwa ndio shabaha, zikaangusha mabomu, wakafa watoto wa shule 86. Na huko Burma, mwishoni mwa mwaka 1944, Mosquito zilizuiwa kuruka kwa muda baada ya baadhi yake kuvunjika angani kwa ubovu wa viungo vilivyogundishwa. Filamu ile haikutuonyesha vifo vya namna hiyo.

Silaumu filamu. Bado naipenda, na muziki wake ukipigwa bado moyo wangu hupaa. Ninalosema ni kwamba mtu mmoja alirudi kutoka vitani akaandika, na kwa kalamu yake kikosi ambacho hakikuwapo kinakumbukwa na watu wa nchi nyingi. Babu na wenzake walikuwapo, wakala, wakaugua, wakazikana. Nao wamekaribia kuwa kama hawakuzaliwa.

Wala tusiseme kwamba kuandika si desturi yetu. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga na mtumishi wa serikali, aliitungia vita ile ile utenzi mrefu. Kilichokosekana nyumbani kwetu hakikuwa lugha wala karatasi. Daftari nilikuwa nalo, na kalamu nilikuwa nayo. Nilikosa kuuliza.

Walimu wenzangu katika kazi ya lugha, nanyi wanafunzi, wazee wa Burma karibu wote wamekwisha kutangulia. Lakini waliopigana vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 wangali pamoja nasi, na wengi wao wamevuka miaka sitini. Mmoja ni jirani yangu. Tangu mwaka jana namwendea kila Jumapili baada ya alasiri. Siku ya kwanza nilimwuliza juu ya mapigano, akanyamaza. Siku ya pili nikamwuliza walikuwa wakila nini, na nani alikuwa akipika. Alizungumza mpaka jua likazama, akataja majina saba, nami nikayaandika yote saba, pamoja na la mpishi.