Gavana, taa ya mama mdogo na kidude cha Kiomboi

Najua nimepotea hapa kijiweni, si mnajua tena UE zilivyotubana, halafu ukimaliza tu unaanza kuwaza nauli. Nimerudi CIVE juzi kutoka Kiomboi. Kabla ya yote nimjibu rumeti wangu, maana tangu nifike ananisumbua: "Si ungepunguza tu kasi ya prosesa, basi umeme ungetosha?" Bwana wee, nimeijaribu hiyo wiki tatu nzima kwenye sola ya mama mdogo.

Ilikuwa hivi. Mama mdogo anakaa kitongojini, nje kidogo ya Kiomboi mjini. Nguzo za umeme zimepita, ila mbali na kwake, kwa hiyo ana kipaneli chake juu ya bati na betri ya volti 12, ampea-saa 7. Binti yake yuko form four na Novemba anakaa mtihani wa taifa. Intaneti pale ni ya kubahatisha, na bando nayo ni hela. Nikabeba Raspberry Pi 3 yangu, toleo la mwaka 2016, kizee lakini kinadunda. Ndani nimeweka Wikipedia ya Kiwix, notisi na mitihani ya nyuma. Inarusha waifai yenyewe, watoto wanafungua kwa simu za wakubwa, skrini haihitajiki. Wazo si jipya, Powering Potential walishafunga maabara za Raspberry Pi zinazokula sola kwenye sekondari kule Karatu. Mimi nilikuwa na kimoja tu, na betri moja.

Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Sawa mwanangu. Ila hicho kidude siku kikinizimia taa, unarudi nacho Dodoma."

Hapo sasa ndipo hesabu inapoanza. Volti 12 mara ampea-saa 7 ni wati-saa 84. Betri za aina hii ukizinyonya zaidi ya nusu kila siku zinakufa mapema, kwa hiyo hesabia 42. Taa ya wati 5 kwa saa tano inachukua 25. Simu zinachajiwa mchana jua likiwaka. Kidude kinabaki na wati-saa 17, basi.

Sasa kuhusu gavana. Simsemi yule wa Benki Kuu mwenye sahihi kwenye noti zetu. Kwenye kerneli ya Linux, gavana ni kile kipande kinachoamua prosesa ipige kwa kasi gani. Unaenda kwenye /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq, unaandika jina lake kwenye faili la scaling_governor, kazi imeisha. Ukiandika performance, Pi 3 inakaa megahezi 1200 muda wote. Ukiandika powersave inaganda kwenye 600. Ukiandika ondemand inapumzika kwenye 600 na kupanda ikipata kazi. Ukishuka kasi na volti nayo inashuka kidogo, na huo ndio utamu wenyewe, maana umeme wa prosesa unafuata kasi mara volti mraba. Darasani inapendeza sana.

Nikachomeka kimita cha USB, nikaweka powersave. Kidude kikiwa kimekaa tu hakina kazi: kama wati 1.4. Nikarudisha ondemand: wati 1.4 ile ile! Ukifikiria ni lazima iwe hivyo, kwa sababu ondemand isipokuwa na kazi nayo iko 600. Tofauti inakuja kazi ikiwepo. Tuseme ukurasa unachukua sekunde 4 kwa kasi kubwa ukila wati 2, halafu bodi inapumzika sekunde 4 kwa wati 1.4. Jumla juli 13.6. Kwa kasi ndogo ukurasa ule ule unachukua sekunde 8 kwa wati 1.7. Piga mwenyewe: 13.6. Umeme ni ule ule, halafu mtoto wa watu amesubiri mara mbili.

Wenye mashine za kukamua alizeti pale mjini wanalijua hili bila kusoma CIVE. Hakuna anayeacha injini ya dizeli ingurume tupu mchana kutwa. Wanasubiri magunia yajae, wanawasha, wanakamua kwa nguvu, wanazima.

Kinachokula ni ile wati 1.4 ya bure. Mara saa 24 ni karibu wati-saa 34, mara mbili ya zile 17. Gavana hana la kufanya hapo. Nikazima sehemu ya HDMI, ikapungua kidogo tu. Dawa ikawa ni kuzima kabisa. Nikaweka swichi kati ya betri na chaja ya gari inayoshusha volti 12 kuwa 5. Ila Pi 3 haina saa ya ndani inayoshikilia muda ikikosa umeme, ikiwaka bila intaneti haijui hata ni siku gani, kwa hiyo kuiambia "zima saa nne usiku" ni kazi bure. Nikaipangia ijizime dakika 180 baada ya kuwaka. Taa ya kijani ikitulia, mdogo wangu anakata swichi. Saa tatu kwa wastani wa wati 2 ni 6. Hata ukiongeza upotevu wa ile chaja, 17 hazifiki.

Halafu kulikuwa na vituko vya waya. Siku mbili kidude kilikuwa kizito kama jiwe ingawa gavana ni ondemand. Kumbe waya wa USB ulikuwa mwembamba, volti zikishuka chini ya 4.63 bodi inajishusha yenyewe mpaka 600. Ukiandika vcgencmd get_throttled inakuambia. Waya mfupi mnene, shida ikaisha.

Jumapili mdogo wangu kapiga simu: "Kaka, tumekuwa saba sasa, wa jirani nao wanakuja, na mama anataka tuongeze nusu saa." Kwa hiyo zile dakika 180 zinakuwa 210, na mimi natafuta paneli ya pili kabla bumu halijaisha. Mwenye kujua bei nzuri hapa Dodoma aniambie. Ngoja niwahi pindi, tayari nimechelewa.